Kipi Kikae Juu? Historia ya Matabaka katika Upangaji wa Ramani za Kuchapishwa

Ikisiri

Kila mtengenezaji wa ramani hulazimika kuamua kipi kikae juu ya kipi. Makala hii inafuatilia historia ya uamuzi huo kutoka enzi ya mabamba ya wino hadi ukurasa wa kompyuta, kwa kuzingatia zaidi mifano inayohusu Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba ramani ya kidijitali imerithi aina mbili za tabaka ambazo mara nyingi huchanganywa. Moja ni tabaka la kukokotolea, ambalo halina juu wala chini. La pili ni tabaka la kuchapia, ambalo mpangilio wake ndio huamua kitakachoonekana na kitakachofichika. Katika kiwanda cha uchapaji, uamuzi huu ulilindwa na mgawanyo wa kazi na tabia ya wino wenyewe. Katika kompyuta, umeachwa mikononi mwa mtu mmoja. Kwa kutumia mfano wa ramani za mafuriko za Dar es Salaam, makala inaonesha kwamba suala hili si la urembo wa karatasi bali la uelewa wa msomaji. Inapendekeza kuwa majina na ufunguo wa Kiswahili vihesabiwe kuwa tabaka kamili la ramani tangu mwanzo wa kazi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi katika nchi zetu hufundishwa mapema kwamba ramani iliyokamilika huwa na jina, ufunguo, skeli, dira na fremu. Orodha hiyo humwambia ni vitu gani viwepo. Haimwambii vikae wapi, wala kipi kimfunike mwenzake pale viwili vinapogombea mahali pamoja. Hata hivyo, ugomvi huo haukwepeki. Karatasi ina uso mmoja, ilhali dunia inayochorwa juu yake ina mito, barabara, mipaka, mashamba, majina na mwinuko wa ardhi, vyote katika nafasi ileile.

Tuchukue mfano mwepesi wa barabara inayovuka mto. Mchoraji akiuweka mto juu ya barabara, daraja hutoweka, na msomaji atadhani kuwa barabara imekatika. Akiiweka barabara juu, daraja huonekana hata kama halikuchorwa. Hakuna kipimo chochote kilichobadilika kati ya ramani hizo mbili. Mto uko palepale na barabara iko palepale. Kilichobadilika ni mpangilio wa matabaka tu, na mpangilio huo peke yake umebadilisha habari anayopewa msafiri.

Katika makala hii, neno tabaka linatumika kwa maana mbili zinazohusiana. Maana ya kwanza ni kundi la vitu vya aina moja ndani ya mchoro wa ramani, kama vile mito yote au majengo yote. Maana ya pili ni nafasi ya kila kipengele katika ukurasa mzima: mchoro wa ramani, ufunguo, skeli, mshale wa kaskazini, jina na ramani ndogo ya mahali. Maana zote mbili zinakutana katika swali moja la kihistoria: ni nani, kwa wakati fulani, alikuwa na uwezo wa kuamua kipi kikae juu, na ni nini kilimzuia asikosee?

2.0 Mabamba, Wino na Mgawanyo wa Kazi

Kwa karne kadhaa, ramani za Ulaya zilichongwa kwenye bamba la shaba. Kila kitu, kuanzia milima hadi majina, kilikuwa katika bamba moja, na rangi ziliongezwa kwa brashi baada ya kuchapa. Katika hali hiyo hapakuwa na matabaka ya uchapaji kwa maana tunayoijua leo. Mchongaji alilazimika kuacha nafasi ya jina kabla ya kuchonga mlima, kwa sababu shaba ikishachongwa ni kazi ngumu kuirudisha.

Mabadiliko makubwa yalitokana na uchapaji wa mawe uliobuniwa na Alois Senefelder nchini Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Katika karne ya 19, mbinu hiyo iliendelezwa hadi kila rangi ikapewa jiwe lake, na baadaye bamba lake la metali. Tangu hapo, kutengeneza ramani kukawa kazi ya kuitenganisha dunia katika rangi na kisha kuiunganisha upya juu ya karatasi.

Eneo letu lilichorwa kwa wingi katika enzi hiyo. Ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya skeli ya 1:300,000, iliyochapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer na ambayo Paul Sprigade na Max Moisel walikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, ilihusu eneo ambalo sasa ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Sehemu kubwa ya habari zake ilitokana na misafara, hivyo mahali ambapo msafara haukupita paliachwa peupe au na habari chache. Majina yaliandikwa kwa tahajia ya Kijerumani: Bagamojo, Udjidji, Daressalam. Tahajia hiyo inatueleza jambo kuhusu mpangilio wa ramani kwa ujumla. Tabaka la majina lilipangwa kwa ajili ya jicho la ofisa wa Kijerumani. Msomaji wa Kiswahili, ambaye masikio yake ndiyo yaliyotoa majina mengi kwa wasafiri hao, hakuwa msomaji aliyekusudiwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ya kuchora makoloni ya Uingereza ilikabidhiwa kwa idara maalumu ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya Martin Hotine. Mwaka 1957 jina lake lilibadilishwa ili kuondoa neno koloni. Idara hiyo ilitumia picha za anga na vipimo vya ardhini kutengeneza ramani za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa skeli ya 1:50,000, na ramani hizo ziliendelea kutumika kwa miongo mingi baada ya uhuru. Wengi wetu tulijifunza kusoma kontua kwa kutumia vipande vyake darasani.

Ramani za aina hiyo ziliandaliwa kwa kutenganisha rangi. Kwa kawaida maji yalikuwa ya buluu, kontua za kahawia, mimea ya kijani, na majengo pamoja na maandishi mengi yalikuwa meusi. Kila rangi ilichorwa kwenye karatasi yake angavu. Baadaye wachoraji walitumia plastiki yenye utando mwembamba ambao waliukwangua kwa sindano ili mstari ubaki wazi na kupitisha mwanga. Kila karatasi ilikuwa na alama ndogo pembeni za kuhakikisha kwamba zote zinalingana. Alama hizo zikipishana hata kwa sehemu ya milimita, mto hutoka bondeni na kupanda mlimani.

Mfumo huu ulikuwa na sifa mbili ambazo ni muhimu kwa hoja yetu. Kwanza, wino wa uchapaji ni mwembamba. Kontua ya kahawia ikipita juu ya kijani cha msitu, vyote viwili huonekana, na maandishi meusi yakichapwa juu ya rangi nyepesi hubaki yakisomeka. Wino wenyewe, kwa tabia yake, ulizuia tabaka moja kulifuta kabisa tabaka jingine. Pili, kazi iligawanywa. Mpimaji alikusanya majina uwandani, mchoraji aliandaa mistari, mwingine alipanga maandishi, mkaguzi alilinganisha, na mchapaji akaweka wino. Jina likifunikwa, palikuwapo macho ya watu kadhaa yenye nafasi ya kuligundua.

Utenganishaji wa rangi ulitoa pia uhuru mwingine. Baadhi ya vipande vya ramani vilitolewa kwanza bila kontua, kwa sababu kupima mwinuko kulichukua muda mrefu kuliko kuchora barabara na mito. Tabaka lililokosekana lingeweza kuongezwa katika toleo lililofuata. Kwa hiyo, wazo kwamba ramani ni jamii ya matabaka yanayoweza kuwekwa, kuondolewa na kungojewa lilikuwapo karakana kabla kompyuta haijaingia.

3.0 Kenya na Chimbuko la Tabaka la Kukokotolea

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya upigaji picha za anga ya Spartan Air Services ya Ottawa, Kanada, ilikabiliwa na swali kuhusu Kenya: ni wapi pangefaa kupandwa msitu wa kibiashara? Aliyehusika na kazi hiyo alikuwa mwanajiografia kijana, Roger Tomlinson. Kupata jibu kulihitaji ramani nyingi za eneo moja ziwekwe moja juu ya nyingine, kila moja ikionesha sifa tofauti ya ardhi, kisha itafutwe sehemu inayotimiza masharti yote kwa pamoja. Kwa mikono, kazi hiyo ingehitaji watu wengi na muda mrefu. Gharama yake ilionekana kubwa mno, na pendekezo halikuendelea.

Msitu haukupandwa kutokana na pendekezo lile, lakini swali lilizaa kitu kingine. Tomlinson alianza kujiuliza kama kompyuta ingeweza kufanya kazi ya kulinganisha ramani. Mwaka 1962 alikutana ndani ya ndege na Lee Pratt, ofisa wa serikali ya Kanada aliyekuwa akiandaa orodha ya matumizi ya ardhi ya nchi hiyo. Mazungumzo yao yalizaa Mfumo wa Taarifa za Kijiografia wa Kanada, unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Hivyo, mojawapo ya mizizi ya teknolojia inayotumika leo katika kila ofisi ya ramani imo katika tatizo la ardhi ya Kenya, ingawa historia hiyo hutajwa kwa nadra katika madarasa yetu.

Tunapaswa kuangalia kwa makini ni tabaka la namna gani lililozaliwa Kanada. Mfumo wa Tomlinson ulikusudiwa hasa kukokotoa: kuna hekta ngapi zenye udongo wa aina hii na matumizi ya aina ile? Jibu lililotakiwa zaidi lilikuwa jedwali la tarakimu, si ramani nzuri ya kutundika ukutani. Katika ukokotoaji wa namna hiyo, hakuna tabaka lililo juu. Ukitafuta mahali ambapo udongo mzuri unakutana na mteremko mdogo, utapata eneo lilelile hata ukianza na mteremko. Mpangilio hauna maana yoyote.

Hapa ndipo njia mbili zilipoachana. Mchapaji wa ramani za 1:50,000 alijua kwamba mpangilio ni kila kitu. Mhandisi wa mfumo wa kompyuta alijua kwamba mpangilio si kitu. Wote wawili walitumia neno moja, tabaka, na urithi wa neno hilo ukawachanganya waliokuja baadaye.

4.0 Mashine Inajifunza Kufunika

Ramani za mwanzo za kompyuta zilipotakiwa kuonekana kwenye karatasi, zilikumbana na ukweli wa karatasi. Programu ya SYMAP, iliyobuniwa na Howard Fisher na kuendelezwa katika maabara aliyoianzisha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1965, ilitumia mashine za kuchapa mistari ya maandishi. Mashine hizo zilijua herufi na alama tu. Ili kupata weusi wa viwango mbalimbali, programu iliiamuru mashine ichape alama moja na kisha ichape nyingine palepale, hadi nafasi ijae wino. Huo ulikuwa upangaji wa matabaka kwa maana halisi kabisa: herufi juu ya herufi. Ramani zilizotoka zilikuwa na kingo za ngazingazi, lakini kanuni ya zamani ilibaki. Wino wa pili uliongeza weusi wa wa kwanza, haukuufuta.

Kanuni hiyo ilivunjika miaka ya 1980. Lugha ya kuelezea kurasa iitwayo PostScript, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984, iliichukulia karatasi kama turubai ya mchoraji anayetumia rangi nzito. Kila kinachochorwa baadaye hukifunika kabisa kilichotangulia. Utaratibu huu ulikuwa rahisi kwa mashine na wenye manufaa makubwa kwa wachapaji wa vitabu na magazeti. Kwa ramani, ulileta hatari mpya. Msitu uliochorwa baada ya kontua haukuzipa kontua nafasi ya kupenya, ulizimeza. Kilichokuwa kinazuiwa na wembamba wa wino sasa kilihitaji kuzuiwa na akili ya mtu.

Umbo la faili la PDF, lililotolewa mwaka 1993, lilirithi turubai hiyo. Ni mwaka 2001, katika toleo la 1.4, ndipo PDF ilipopewa uwezo wa kuonesha rangi angavu, na toleo la 1.5 la mwaka 2003 likaruhusu matabaka yanayoweza kuwashwa na kuzimwa na msomaji ndani ya faili. Kwa hiyo, kati ya karakana ya mchapaji na kompyuta ya leo palikuwa na kipindi ambacho ramani ya kidijitali, kwa upande huu mmoja, ilikuwa na uwezo mdogo kuliko ile ya mawe na wino. Maendeleo ya teknolojia hayakuwa mstari ulionyooka.

5.0 Ukurasa Ndani ya Kompyuta

Programu za ramani za miaka ya 1990 zilianza kutenganisha sehemu mbili za kazi: dirisha la kuchunguzia data na ukurasa wa kupangia chapa. Utengano huo umebaki hadi leo. Mfano unaofahamika zaidi katika vyuo vya Afrika Mashariki ni QGIS, programu huria iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2009. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 liliongeza uwezo wa kuchanganya rangi za matabaka kwa namna inayokaribia wino, pamoja na uwezo wa kutengeneza kurasa nyingi za atlasi kutokana na kiolezo kimoja. Toleo la 3.0 la mwaka 2018 lilikuja na ukurasa wa kupangia uliojengwa upya.

Katika programu ya namna hii kuna orodha mbili za matabaka. Ya kwanza, katika dirisha kuu, hupanga data: kilicho juu ya orodha huchorwa juu ya vingine. Ya pili, katika ukurasa wa chapa, hupanga vipengele vya karatasi: ufunguo unaweza kupandishwa juu ya ramani au kushushwa chini yake, na kipengele kinaweza kufungwa kisisogezwe kwa bahati mbaya. Orodha hizi mbili zinahusiana. Mtu akizima tabaka katika dirisha kuu ili achunguze jambo fulani, tabaka hilo hutoweka pia katika ukurasa wa chapa, isipokuwa awe ameyafunga matabaka ya ramani hiyo au amehifadhi mseto wake kwa jina. Kwa lugha ya zamani, ni sawa na mchapaji kuondoa bamba la buluu ili kulisafisha, na mashine ikaendelea kuchapa bila mito wala mtu kujua.

Mambo matatu ya ukurasa huu yanastahili kuangaliwa kwa jicho la historia.

La kwanza ni kiolezo cha atlasi. Mtengenezaji hupanga ukurasa mmoja kwa uangalifu, akaweka ufunguo katika pembe ya chini kulia ambako kuna bahari tupu. Programu kisha humzalishia kurasa kwa makumi. Katika ukurasa wa kumi na saba hakuna bahari. Pembe ileile ina makazi ya watu, na kisanduku cheupe cha ufunguo kimeketi juu yake. Enzi ya mabamba, kila kipande kilipita mikononi mwa mtu. Sasa kipande kinaweza kufika kwa msomaji bila jicho lolote kukiangalia.

La pili ni gharama ya rangi angavu. Baadhi ya michanganyiko ya rangi humlazimisha mtengenezaji ahifadhi ukurasa kama picha ya nukta badala ya mistari safi. Ramani inayong'aa kwenye skrini inaweza kutoka na maandishi yenye ukungu, hasa ikihifadhiwa kwa nukta chache. Hapa mtengenezaji huchagua kati ya tabaka linaloonesha kilicho chini yake na herufi inayosomeka.

La tatu ni ufunguo wenyewe. Programu huuandaa kutokana na majina ya matabaka kama yalivyo katika orodha. Asiyeyarekebisha atachapa ufunguo wenye majina ya mafaili, yenye vistari vya chini na tarakimu za matoleo, mara nyingi kwa Kiingereza. Yaani lugha ya ofisi ya ndani hupanda hadi tabaka la juu kabisa la ukurasa bila mtu yeyote kuamua ipande.

6.0 Ramani za Mafuriko za Dar es Salaam

Athari za mambo haya huonekana wazi pale ramani inapohusu maisha ya watu. Desemba 2011, mvua kubwa zilisababisha mafuriko yaliyoua makumi ya watu jijini Dar es Salaam na kuwaondoa wengine wengi katika makazi ya mabondeni. Mwaka huohuo, wakazi wa Tandale na wanafunzi wa vyuo walikuwa wamekwisha kuichora kata hiyo kwa njia ya ramani huria ya OpenStreetMap. Mwaka 2015 ulianza mradi mpana zaidi, Ramani Huria, uliowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wananchi wa kata zinazokumbwa na mafuriko. Walichora majengo, barabara, mitaro na njia za maji, na QGIS ilikuwa miongoni mwa zana zao.

Ramani ya mafuriko ni mtihani mgumu wa matabaka. Eneo linalofurika huoneshwa kwa kawaida kwa rangi ya buluu. Rangi hiyo ikiwekwa nzito juu ya majengo, nyumba zilizo hatarini, ambazo ndizo sababu ya ramani kuwapo, hufichika. Ikiwekwa chini ya majengo katika mtaa uliosongamana, buluu huonekana katika vichochoro tu, na msomaji atadhani kuwa maji hupita njiani bila kuingia ndani. Ikifanywa angavu, yote mawili yanaonekana, lakini mitaro ya buluu hupotea ndani ya buluu ya mafuriko. Kila chaguo lina ukweli linaouonesha na mwingine linaouficha. Mtengenezaji hawezi kukwepa kuchagua. Anaweza tu kuchagua akijua au bila kujua.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye skrini. Ramani iliyochapwa kwa rangi huishi maisha yake ya pili katika mashine ya fotokopi. Nakala ya ofisi ya serikali ya mtaa hurudufiwa kwa ajili ya wajumbe, na mara nyingi kwa rangi nyeusi pekee. Hapo buluu ya mafuriko na kijani cha bustani huwa kijivu kimoja. Wachoraji wa zamani waliochapa kwa rangi moja walijua dawa yake: mistari ya mshazari kwa eneo moja, nukta kwa eneo jingine. Dawa hiyo imo katika programu za leo pia, na tabaka la mistari ya mshazari lina faida ya ziada kwamba kilicho chini yake huendelea kuonekana katika nafasi kati ya mstari na mstari. Maarifa ya karakana hayajapitwa na wakati.

Mpangilio wa mipaka nao una siasa yake. Wakazi wa jiji huijua nafasi yao kwa kata, mtaa na shina. Ramani yenye mpaka mnene wa manispaa juu ya kila kitu humwonesha mkurugenzi eneo lake. Ramani inayopandisha mipaka ya mitaa na mashina juu, ikaiacha ile mikubwa iwe hafifu, humwonesha mjumbe nyumba anazopaswa kuzigongea mlango maji yanapopanda. Data ni zilezile. Anayehudumiwa ndiye aliyebadilika.

7.0 Lugha Kama Tabaka

Kutokana na historia hii tunaweza sasa kulitazama suala la Kiswahili kwa namna ya kiufundi zaidi kuliko ilivyozoeleka. Mara nyingi Kiswahili huingia kwenye ramani mwishoni kabisa: kazi yote hukamilika kwa Kiingereza, kisha mtu huombwa atafsiri jina la ramani na maelezo machache. Utaratibu huo una matokeo yanayotabirika. Kiswahili mara nyingi hutumia herufi nyingi zaidi mahali ambapo Kiingereza kilitumia chache. Kisanduku cha ufunguo kilichopimwa kwa neno fupi hakitoshi “eneo linalofurika mara kwa mara”. Ama herufi hupunguzwa hadi zisisomeke, ama kisanduku hupanuliwa na kuifunika ramani, ama maelezo huachwa kwa Kiingereza. Katika hali zote tatu anayepoteza ni msomaji.

Mfano wa Bagamojo na Udjidji unatukumbusha kwamba tabaka la majina halijawahi kuwa la upande wowote. Tofauti ni kwamba zamani uamuzi ulifanyika Berlin au Uingereza, ng'ambo ya bahari. Leo unafanyika Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura, kwenye kompyuta ya mhitimu wa vyuo vyetu. Ufunguo ukitoka na majina ya mafaili ya Kiingereza, hatuwezi tena kumlaumu mchapaji wa mbali.

Makala inapendekeza hatua tatu. Kwanza, matabaka yapewe majina ya Kiswahili sanifu tangu siku data inapoingizwa, ili ufunguo unaozalishwa na programu utoke ukiwa tayari. Pili, violezo vya kurasa vipimwe kwa maelezo ya Kiswahili, vikiwa na nafasi ya kutosha kwa maneno marefu. Tatu, vyama na taasisi za Kiswahili za nchi zetu zikubaliane kuhusu istilahi za msingi. Tayari shule zina ufunguo, skeli, dira na fremu. Kinachohitajika ni kuziendeleza hadi zifike kwenye matabaka, violezo na rangi angavu, ili mwalimu wa Arusha na mwenzake wa Bukavu waelewane.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha safari ya uamuzi mmoja. Ulianza ukiwa umefungwa ndani ya shaba, ukagawanywa katika mawe na mabamba ya rangi, ukapotea kwa muda katika mifumo ya kukokotoa iliyochochewa na swali la msitu wa Kenya, kisha ukarudi kwa nguvu pale kompyuta ilipotakiwa kutoa karatasi. Katika safari hiyo, walinzi wa uamuzi wameondoka mmoja baada ya mwingine: kwanza wembamba wa wino, kisha mkaguzi na mchapaji.

Methali husema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa ramani, methali hiyo inahitaji nyongeza, kwa sababu mwenye macho huona kile tu kilichoachwa juu. Ni wajibu wa wanaofundisha utengenezaji wa ramani katika vyuo vyetu kuurejesha ukaguzi uliopotea: mwanafunzi achape ukurasa wake, aurudufu kwa rangi nyeusi, na ampe mtu wa mtaa husika ausome kwa Kiswahili kabla haujaitwa umekamilika. Msomaji huyo akiweza kuiona nyumba yake, mtaro ulio karibu nayo na njia ya kutokea, matabaka yatakuwa yamepangwa sawasawa.